Tanki Linalovuja Bila Kumwaga Maji

Hermenegildi Libenanga,
Katindiuka,
Ifakara.
25 Juni, 1996

Fundi Damiani,
Duka la Vioo,
Kariakoo,
Dar es Salaam.

Ndugu Fundi Damiani,

YAH: TANKI LA SAMAKI LINALOVUJA BILA KUMWAGA MAJI

Sijui umri wako. Kama umenizidi, shikamoo. Kama nimekuzidi, marahaba.

Kichwa cha habari hapo juu nimekisoma mwenyewe mara kadhaa na najua kinavyosikika. Naomba usiicheke barua hii kabla hujafika namba tano, kwa sababu kwenye namba tano yumo mama mkwe wangu.

Mimi ndiye yule mteja mrefu wa mwezi uliopita, karani wa ghala la mpunga huku Ifakara. Nilikuja Dar kwenye harusi ya binamu yangu, nikaona hotelini samaki wekundu wakizunguka ndani ya kioo, nikasimama pale mpaka watu wa harusi wakaondoka bila mimi. Kesho yake nilikuwa dukani kwako. Tanki ulilonitengenezea nilisafiri nalo kwa treni nikiwa nimelipakata kama mtoto mchanga. Mlinzi wa kituo chetu alipoliona alivua kofia, akidhani ni kasha la sanamu ya Bikira Maria, na sikumsahihisha kwa sababu alikuwa ameshika upande wa pili.

Uliniagiza hivi: kabla ya kutia samaki, liweke mahali palipo sawa, jaza maji, kausha kioo kwa nje, chunguza maungio yote ya gundi ya silikoni, halafu subiri. Nimefanya hivyo kama ulivyosema. Malalamiko yangu ni haya.

1. Harufu. Silikoni inanuka siki, na hukunidokeza. Mke wangu Paskazia aliingiza kichwa ndani ya tanki, akakitoa, akaniuliza kama nimekwenda Dar kuleta chombo cha kutengenezea achari. Jioni jirani mmoja alikuja na ndimu zake kwenye kikapu.

2. Kiputo. Kwenye ungio la nyuma, upande wa kushoto, pana kiputo cha hewa chenye ukubwa wa punje ya mchele. Habari zilienea, watu wakaja kukiona. Waliotoka mtaa wa Lipangalala walisema ni cha kawaida, wa hapa kwetu wakasema kinakua. Jirani yangu Nkwabi, mfugaji aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka Usukumani, alichuchumaa akapitisha kidole kwenye kila ungio, akasema kazi ni nzuri ila haelewi kwa nini chombo cha kunyweshea mifugo kitengenezwe kwa kioo. Nikamweleza kwa upole kwamba ni cha samaki. Akaniuliza kama samaki wa mtoni wamelalamika.

3. Maji. Tanki nimeliweka juu ya benchi fupi, upenuni mwa jiko, mahali pasipo jua. Chini yake nimetandika magazeti, ili tone likianguka tu lionekane. Nikajaza maji, nikachora mstari wa mkaa kwenye kioo mahali maji yalipofika. Jumamosi nzima mstari na maji vilikuwa pamoja. Jumapili tulikwenda misa. Tuliporudi, maji yalikuwa yameshuka kiganja kizima chini ya mstari, na magazeti yalikuwa makavu kiasi kwamba nilikaa nikasoma habari za michezo.

Nikajaza tena. Jumatano tukaenda shambani kuvuna, tukarudi, yameshuka. Jumapili iliyopita, vilevile. Tukiwepo hayashuki, tukiondoka yanashuka. Ndugu fundi, maji yakitoka ndani ya chombo na hayakufika nje, yamekwenda wapi? Nimelala na swali hili na kuamka nalo. Nimebaki na jibu moja tu: maungio yako yanakunywa.

4. Ute. Kila maji yanaposhuka, nakuta kwenye ukingo wa kioo ute mzito unaovutika kama bamia. Nimeuhesabu kuwa ni silikoni inayoyeyuka. Paskazia anasema unanuka majani. Hilo nalo ulieleze.

5. Mama mkwe. Mama Stefania alikuja kutoka Mlimba na kuku wake wawili kutusaidia mavuno, akateguka kifundo cha mguu. Kwa hiyo misa haendi, shamba haendi. Anabaki jikoni akichambua mchele. Utaona mwenyewe kwamba maji yalikuwa yakishuka akiwa peke yake nyumbani. Mimi ni karani. Gunia likipungua, namuuliza aliyekuwa ghalani.

Jumapili ya kwanza nilimuuliza kwa adabu, "Mama, kuna maji umechota kwenye tanki?"

"Sijachota."

Jumapili ya pili nilimuuliza tena, safari hii mbele ya watu waliokuja kutazama kiputo, na nikadokeza kwamba huenda anawachotea kuku wake. Aliweka ungo chini. Akasema, "Baba Luciana, mimi nimekuzalia mke. Leo unaniuliza maji?"

Watu wa kiputo waliaga mmoja mmoja. Asubuhi hii amefunga mzigo wake na kuku wake wawili, amekwenda kituoni kusubiri treni ya Mlimba, akichechemea, na amekataa nimsindikize. Paskazia hasemi nami. Chakula anakiweka mezani na kuondoka kabla sijanawa. Katika miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kuisikia nyumba hii ikiwa kimya namna hii, na nakwambia, Ndugu Damiani, mtu anaweza kuisikia silikoni ikikauka.

6. Samaki. Perege wanne niliowanunua wakiwa hai kwa mvuvi wanaishi kwenye beseni la kufulia. Hatujafua. Naenda ghalani na shati la harusi.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Niandikie barua, uisaini na kuigonga mhuri wa duka, ukikiri kwamba maungio ya tanki hili yana kasoro na yanakunywa maji. Hata kama huamini, kiri. Wewe uko Dar, aibu haitakufikia. Mimi nina mkwe. Nitaipeleka Mlimba na kumsomea mwenyewe nikiwa nimepiga magoti, na baada ya hapo sitakudai neno maishani mwangu. Ukiona vigumu kukiri, basi panda treni uje. Ukae upenuni, nasi tutaondoka nyumbani, uone kwa macho yako jinsi kazi ya mikono yako inavyokunywa.

Nisalimie mkeo, na watoto kama wapo, na yule kijana wako aliyenifungia tanki kwa maboksi. Mwambie yalifika salama yote, maboksi na tanki.

Wako katika kusubiri na katika shati la harusi,

Hermenegildi Libenanga

Nyongeza: Usije. Wala usikiri.

Jana nilikuwa nalamba bahasha ya barua hii, Paskazia akiwa kisimani, nyumba kimya, niliposikia kitu kikifyonza. Nikajiambia, ndiyo hayo sasa, maungio. Nikanyata mpaka dirishani. Ndama wa Nkwabi, yule mwekundu ambaye hawezi kufuatana na wenzake kwenda mtoni, alikuwa amesimama upenuni, shingo ameitupa juu ya ukingo wa kioo, anakunywa. Hakumwaga hata tone. Alikunywa kistaarabu kuliko mtu yeyote wa nyumba hii. Aliposhiba alifuta pua kwenye kioo, akaacha ute, akaenda zake.

Nilipanda baiskeli. Sikumbuki njia. Nilichoomba ni treni ichelewe, na treni yetu, nayo ina huruma, ilikuwa bado. Mama Stefania alikuwa amekaa juu ya mzigo wake, kuku pembeni. Nilipiga magoti pale pale jukwaani, abiria wakanipisha. Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Ni ndama."

Akasema, "Najua. Nilimwona tangu Jumapili ya kwanza."

"Sasa mama, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza kama nimechota, nikakujibu. Hukuuliza nani amekunywa."

Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikazidi kuinama. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika mguu wake mbovu, abiria nao wakaanza bila kujua sababu, na mimi pale magotini nikashindwa kujizuia. Nilimrudisha kwa baiskeli, yeye nyuma, kuku kwenye usukani, nikamsimulia nilivyokuandikia kuhusu maungio, na njia nzima alikuwa anatulia kidogo kisha anasema "yanakunywa" na kuanza upya. Paskazia alitusikia kabla hajatuona. Alikuja kutupokea barabarani na ndoo ya maji kichwani, akaniita jina langu.

Mama alisema amenisamehe, lakini kusamehe kunatia njaa. Alitazama beseni. Hapakuwa na la kujadili. Perege wote wanne tuliwala jana hiyo hiyo kwa ugali, Nkwabi akiwepo, na leo tumefua.

Kwa hiyo tanki lako ni zima, ndugu fundi, maungio yote, pamoja na kiputo. Tumeliingiza sebuleni. Limejaa maji mpaka kwenye mstari, halina samaki, na kila mgeni anayeingia tunamkalisha mbele yake ajionee jinsi lisivyovuja.