Kichaka Changu na Ruzuku ya Serikali

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu kahamia kwa mama yake. Chumba kinavuja, godoro limelowa upande wake. Upande wangu mkavu, ndiyo maana sikuona haraka. Kasema atarudi akiona mabati mapya, au akiniona nafanya kazi, kitakachotangulia.

Leo pia serikali imefanya mkutano wa kueleza ruzuku ya mashamba. Sikwenda. Maneno marefu, viti hakuna. Jirani alipopita akirudi nikamuuliza. Kaanza hadithi tangu mwanzo, nikamkatiza: mkaguzi wa mashamba anakuja lini? Ijumaa. Basi, inatosha. Ruzuku itanunua mabati.

Jumanne, 4 Machi
Tatizo: shamba langu halijaguswa miaka mitatu. Ni kichaka. Jirani huliita makao makuu ya nyoka.

Nikaenda kwa dereva wa trekta. Kasema hakopeshi mtu, na mimi hanikopeshi mara mbili. Nimempa baiskeli. Kafyeka, kalima, mchana shamba jeusi, safi kabisa. Jirani kasimama uani, kauliza kama nina uhakika na ninachofanya. Nikamwambia wivu hauna dawa. Kaenda zake akitikisa kichwa. Roho mbaya tu.

Alhamisi, 6 Machi
Shamba tupu litatia shaka. Mahindi hayaoti kwa siku mbili. Bahati nzuri shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa akipunguza mahindi yake yaliyosongamana. Nikaomba aliyong'oa, nikayapanda kwangu moja moja. Saa sita yote yamelala chali. Nimeyafunga kwenye vijiti. Mgongo si wangu tena.

Shemeji kaja kutazama. Kauliza kama naumwa, maana tangu nimuoe dada yake hajawahi kuniona na jembe. Nikamwambia mchumia juani hulia kivulini. Akampe dada yake habari hizo, aanze kufunga mizigo. Nyumba bila yeye haikaliki, ukweli ndio huo.

Ijumaa, 7 Machi
Sitaki hata kuandika.

Mkaguzi kaja, mama mpole mwenye buti za mpira. Kaangalia mahindi yangu na vijiti vyake. Kauliza kile kichaka kiko wapi. Nikamjibu kwa fahari kwamba hakipo tena. Kakaa chini kwenye tuta.

Kasema ruzuku ya mwaka huu ni kwa mashamba yaliyopumzishwa miaka mitatu bila kuguswa, udongo urudishe nguvu. Wiki iliyopita akipita barabarani aliwaonyesha wenzake la kwangu, wajifunze. Miaka mitatu nimeitumikia serikali bila kujua, nikaacha kazi siku tatu kabla ya mshahara!

Jirani kapata, kwa kile kipande chake cha nyuma ya nyumba alichokiacha bila kulima. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Kasema alikuwa ananiambia. Majirani wa siku hizi hawana msaada.

Jumapili, 9 Machi
Nimepata akili. Mkaguzi anarudi Jumatano kwa waliokosekana nyumbani. Atakuta kichaka. Tangu alfajiri nang'oa miiba na magugu bondeni, naipanda shambani. Mistari imenyooka, nimetumia kamba. Mikono inavuja damu.

Saa nne mke wangu kaingia na begi lake. Shemeji kumbe alimwambia kila kitu: jembe, jasho, mgongo. Macho yake yalikuwa yamelainika, sijayaona hivyo tangu harusi. Kaniita baba watoto. Kaweka begi chini, kauliza nimepanda nini.

Nikamwambia: kichaka.

Kaitazama mistari, kanitazama mimi. Kabeba begi, kashika njia ya kwa mama yake. Nimeumia, nakiri. Ningemkimbilia, lakini mistari miwili ilikuwa bado, na miiba hukauka upesi. Nikampigia ukelele kwa mbali apite kwa kaka yake, akaniombee miiba mingine.