Silabi Moja Katika Wosia wa Baba

Jumatatu, 3 Machi
Habari kubwa! Baba anaandika wosia. Alitangaza akiwa na misumari mdomoni, kaka akadhani amesema amekosea kitu, akampa pole. Mimi nilisikia vizuri. Mimi husikia vizuri siku zote.

Karakana ya makochi lazima iwe yangu. Nilijifunza kutembea nikishikilia ukingo wa meza ya kukatia vitambaa. Harufu ya gundi ndiyo utoto wangu. Kaka anajua kubeba mkoba mtupu tu. Mafundi wanamwita Mkurugenzi, naye anadhani ni heshima.

Jumanne, 4 Machi
Familia yenye biashara lazima ijipange. Nimesoma hivyo mahali pengi. Basi nimechora mti wa ukoo, rangi tatu, nikaubandika juu ya meza ya Baba. Chini ya jina lake niliacha nafasi: "Alifariki tarehe ..........."

Baba aliutazama muda mrefu. Akauliza, "Mwanangu, hapa nijaze mwenyewe au utanisaidia?"

Nimeubandua.

Jumatano, 5 Machi
Wakili amepiga simu! Baba alinipa mimi simu niandike maelekezo, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa nyumba. Mkurugenzi alinuna. Nyuma yangu fundi alikuwa akipiga pini kwenye kochi, pa! pa! pa!, lakini sikupoteza neno. Wosia utiwe saini mbele ya mashahidi wawili, na mashahidi hao "wawe warithi". Nimepigia mstari mara mbili. Maana yake iko wazi: anayeshuhudia ndiye anayerithi. Nafasi mbili tu!

Alhamisi, 6 Machi
Siku ya ushindi. Asubuhi nilimtuma kaka apeleke kochi la watu watatu kwa mteja aliyehama. La kuhama sikumwambia.

Wosia ukaletwa. Baba aliufunika kwa kipande cha kitambaa, pakabaki mahali pa saini tu. Nilisaini wa kwanza, jina kamili, na mkia mrefu chini yake. Wa pili shangazi, anayetushonea mito. Nilimnong'oneza kwamba leo nyota yake imewaka. Akanikumbatia, sindano zikiwa bado kifuani. Sikujali.

Kaka amerudi jioni na kochi lake. Nilimwonea huruma kwa dakika nzima.

Ijumaa, 7 Machi
Wakili alikuja kuchukua wosia. Akasoma majina ya mashahidi, akavua miwani. Akauliza nani aliyeandika maelekezo. Nikasimama, kifua mbele.

Akasema yeye alisema mashahidi wasiwe warithi. Wasiwe! Shahidi hapati kitu katika wosia alioushuhudia.

Ndipo Baba akaondoa kitambaa. Karakana: yangu. Cherehani kubwa: ya shangazi. Pikapu: ya kaka. Kwa jinsi tulivyosaini, kilichosalimika ni pikapu.

Yote haya kwa sababu ya "si" moja! Shangazi alisema, "Wewe umesoma mpaka ukapitiliza." Kaka alinipa pole, pole ya kweli kabisa, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Nilikwenda kusimama kwenye meza ya kukatia. Nikashika ukingo kama zamani. Baba akanifuata. Akasema wosia huandikwa upya, na kwamba hajabadili mawazo. "Ila safari hii, mama, usinisaidie."

Jumamosi, 8 Machi
Nimejitafakari kwa kina. Nimegundua kosa lilikuwa la simu. Maneno ya karatasi hayafunikwi na kelele za pini.

Na leo imekuja karatasi! Rasimu mpya, iko mezani. Baba amekwenda kwa mteja, ameniambia niilinde, nisiiguse. Nimeilinda kwa kuisoma. Mashahidi sasa ni mwenye duka la vioo na mkewe, sawa. Karakana bado yangu! Nimeruka mpaka gundi ikamwagika.

Chini yake kuna kifungu kirefu: karakana "isiuzwe, isigawanywe, isikabidhiwe mtu mwingine". Wazo zuri, lugha mbovu. Si, si, si! Silabi ile ile iliyonitesa wiki nzima, mara tatu katika mstari mmoja. Mwandishi makini hajirudii hivyo.

Huku si kusaidia, ni kuhariri tu. Nimechukua kalamu na kuzifuta zote tatu. Sasa sentensi inateleza kama hariri.