Wodi Uliyoiona Gazetini

Mwanangu Jenifa,

Shikamoo yako nimeiitikia hata kabla hujaiandika, marahaba sana, marahaba mwanangu. Sisi huku nyumbani wazima, hofu yetu ni kwako na hilo tumbo. Baba yako anakusalimu, goti linamsumbua kukiwa na baridi tu. Bibi yako anakusalimu, anauliza huko Dodoma unakula au unakunywa chai tu. Kaka yako Peniel anakusalimu, mkewe Aneth anakusalimu, na mtoto wao ameota meno mawili, anauma kila kitu hadi mpini wa jembe. Mama yako mdogo Damari anakusalimu kutoka Mkiwa, bado anauza kuku pale njia panda na sauti haijapungua. Yule mbuzi wako mweupe naye mzima, kazaa. Mpe salamu mkwe wangu Nathan, mwambie asikuache ubebe maji.

Ama baada ya salamu, barua yako nimeipata. Unasema umeona picha gazetini, wodi ya wazazi ya kijijini kwetu imekwisha, nyeupe, ina msalaba mwekundu mlangoni, kwa hiyo unakuja kujifungulia nyumbani, maana kwetu mtoto wa kwanza hupokewa na bibi yake mzaa mama. Mwanangu, nilifurahi, halafu nikashika kichwa. Nikikwambia usije utasema mama ana woga wake. Basi usinisikie mimi, msikie mwenyewe mwenye mradi, Mheshimiwa Andrea Philipo, mwenyekiti wa ile kamati iliyokwenda Ulaya na baiskeli kututafutia wodi. Jumamosi alikuja kuhutubia uwanja wa shule. Baba yako alimrekodi kwenye redio kaseti, juu ya kanda ya kwaya, nami nimesikiliza nikaandika. Maneno ya Kizungu nimeyaandika kama yalivyomtoka mdomoni.

"Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Ndugu Mtendaji, waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Msafara wa Hisani wa Baiskeli na Utafiti wa Majengo ya Afya, kwa kifupi KAMHIBAUMA, wazee wetu wa mila, viongozi wetu wa dini zote, wenye suti na wenye kanzu, Mwalimu Mkuu mwenye uwanja huu, Bwana Rajabali, mfanyabiashara mashuhuri wa mjini na rafiki wa kamati, kikundi cha ngoma, ambacho nimeambiwa kiko juani tangu asubuhi kikinisubiri, na hiyo ndiyo nidhamu, akina mama wajawazito, wanaotarajia kuwa wajawazito, na waliokwisha kustaafu ujauzito, wageni waalikwa, wageni wasioalikwa, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Bibi yako akauliza, 'Ameshamaliza?')

"Nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao hata wenzangu katika kamati wameukiri kwa maandishi, ili niwape fidibaki ya zoezi zima la msafara wetu wa kimataifa nchini Norwei, ambako, katika zama hizi za soko huria na kila mtu ruksa kujitafutia, sisi tuliona si vyema kukaa tukingoja Serikali itujengee kama zamani, bali tupande baiskeli, tuchangishe, na papo hapo tufanye risachi ya kina juu ya namna wenzetu wanavyojenga majengo ya afya, kwa mtazamo endelevu, shirikishi na wa kimkakati. (Makofi. Hatukujua mkakati ni nini, lakini alivyousema ulionekana kitu kizuri.)

"Ndugu wananchi, safari ilikuwa ngumu. Norwei ina milima, ina mvua, ina baridi inayomfanya mtu mzima atokwe machozi bila kuonewa. Wazungu kumi na wawili walikanyaga pedali mji hadi mji, na mimi, kama kiongozi, niliwatangulia ndani ya gari la uratibu, kioo nimekishusha kidogo ili nami nionje upepo wao, kwa sababu msafara usio na kodineshini ni kundi la watu waliopotea. Kila mlima niliusimamia. Ipo siku nilisimamia mpaka nikaishiwa nguvu, nikashinda hotelini nimelala. (Wajumbe wa kamati wakapiga makofi. Damari akapaza sauti, 'Pole mheshimiwa! Kiti cha gari kilikuumiza?' Watu wakacheka, mgambo akamtolea macho.)

"Nasikia kicheko, na kicheko ni dalili ya afya, na afya ndiyo ajenda yetu, kwa hiyo tayari mnaona mradi unavyozaa matunda. Niendelee. Mtakumbuka kwamba kijiji hiki, kwa uzalendo usio na mfano, kilichangia msafara baiskeli moja aina ya Foniksi, mali ya ndugu Laurenti, yenye karia ya nyuma iliyopanuliwa kwa mbao, ambayo nimeelezwa ilikuwa ikipeleka wagonjwa na wajawazito barabarani Mkiwa. (Aneth akasema kwa nguvu, 'Mimi mwenyewe nilipakiwa!' Peniel akamvuta kanga akae.) Baiskeli hiyo ilikuwa kivutio. Wazungu waliipiga picha kuliko walivyonipiga mimi, jambo ambalo nimelisamehe. Na leo, kwa furaha kubwa, natangaza rasmi kwamba haitarudi. Haitarudi kwa sababu imepandishwa hadhi! Imewekwa katika jumba la makumbusho, ndani ya kabati la kioo, chumba kinapashwa moto usiku na mchana, mnyororo unatiwa mafuta na mtaalamu mwenye digrii, na watoto wa Norwei wanalipa kiingilio waitazame. Nawauliza, ni baiskeli gani ya Singida imewahi kulala pazuri hivyo? (Laurenti akasimama: 'Mheshimiwa, na wagonjwa niwapakie wapi?') Ndugu Laurenti, jina lako limebandikwa pale chini ya tairi la nyuma, kwa lugha yao, kwa herufi za dhahabu, sasa unataka nini tena? (Laurenti akasema anataka baiskeli. Akaambiwa maswali ni mwisho. Mwisho ulipofika maswali hayakuwepo.)

"Sasa tuingie kwenye risachi yenyewe. Tulitembelea hospitali kubwa, zahanati, na jengo moja refu ambalo baadaye ilibainika ni la kufugia nguruwe, lakini kwa kuwa tulikwisha kulipima, vipimo vyake tumevitumia. Jambo la kwanza tulilobaini ni kwamba wodi za wenzetu zina paa lenye mwinuko mkali, na wataalamu wakatufafanulia kuwa lengo lake ni theluji iteleze isiilemee nyumba. Kwa hiyo ramani ya wodi yenu imezingatia hilo kikamilifu, na ninawahakikishia, siku theluji itakapoanguka hapa, hakuna mzazi wala kichanga atakayeguswa. (Makofi. Mzee Alute wa kando ya kisima akauliza theluji inakula mazao gani.) Aidha, ndani ya kuta zao wamepitisha mabomba ya maji ya moto ya kupasha chumba, na ya kwetu nayo yatapitishwa, mara tu yale ya baridi yatakapopatikana. (Hapa baba yako aligeuza kanda, maneno kadhaa ya kujisifu yamepotea, hukukosa kitu.)

"...na kitakwimu, asilimia tisini na moja ya wajawazito tuliowahoji walithibitika kuwa wajawazito, asilimia mia moja ya wodi tulizozikagua zilikuwa na milango, na utekelezaji wa mradi kwa ujumla umefikia asilimia mia moja na nne, hiyo nne ya ziada ikiwa ni bidii yangu binafsi, ambayo sikupenda itajwe lakini wenzangu walisisitiza. Nafahamu pia kwamba vyama vingi vimewapa watu midomo, na wapo wanaouliza, je, yale matofali tuliyochoma, tukayabebea maji kichwani, yatafanya kazi gani? Nimepita pale tanuruni nimeyaona. Ni mazuri, ni mekundu, yameota majani juu. Yaacheni vilevile. Hayo ni kielelezo cha kapasiti bildingi, na mgeni yeyote akija muonyesheni.

"(Hapo Aneth akasimama tena, mtoto mgongoni, na safari hii Peniel hakumvuta. Akasema, 'Mheshimiwa, wodi iko wapi tuingie?') Swali zuri sana hilo, mama, na uzuri wake ndio ulionifanya nilitunze hadi wakati wa shukrani. Kabla ya hapo tuchangamke kidogo. Nikisema baiskeli, ninyi semeni afya! Baiskeli! (Afya!) Baiskeli! (Afya! Laurenti akasema, 'Yangu!') Soko huria, uzazi huria! Wodi oyee! (Oyee, ya watu wa mbele tu.)

"Shukrani. Namshukuru Bwana Rajabali, aliyetuachia kwa nusu siku ghala lake la vitunguu pale mjini, likapakwa chokaa, likabandikwa msalaba wa karatasi nyekundu, likapigwa picha ambayo wafadhili wameipenda na gazeti limeichapa. (Bwana Rajabali akaruka kitini: 'Mheshimiwa, uliniambia picha ya kalenda! Na vitunguu vyangu vikanyeshewa nje!') Nawashukuru wale dada wawili waliokubali kulala mle ndani wakijifanya wametoka kujifungua; harufu waliivumilia kizalendo. Nawashukuru wafadhili, ambao kwa kuridhishwa na picha wametuandikia pongezi na kugharamia msafara wa pili, safari hii Uswisi, kwenye milima mirefu zaidi, inayohitaji usimamizi mkubwa zaidi. Na zaidi ya wote nawashukuru ninyi kwa uelewa wenu, kwa sababu, kama mnavyoona wenyewe, ripoti imekwisha kusema wodi imekamilika, ripoti imekwisha kupokelewa ikapigwa muhuri, na kitaalamu jengo lililokamilika haliwezi tena kuanza kujengwa. Kiwanja hakikuwepo, fundi hakuwepo, bajeti ya kujenga haikuwepo, na bado tumekamilisha kabla ya wakati. Ni kamati ngapi nchi hii zinaweza kusimama na kusema hivyo? Asanteni sana kwa kunisikiliza. (Kamati ikapiga makofi. Kikundi cha ngoma kilikuwa kimekwisha kwenda nyumbani.)"

Ndiyo hivyo, mwanangu. Uliyoiona gazetini ni nyumba ya vitunguu. Hapa kwetu hakuna wodi, hakuna msingi, na sasa hata ile Foniksi hakuna, na wewe unajua kutoka hapa mpaka Mkiwa mtu mwenye uchungu hatembei. Aneth amesema nikuandikie kwa kinywa chake: "Wifi, mimi mtoto alikaa vibaya. Nilifika barabarani kwa baiskeli, lori likanichukua hadi hospitali, ndiyo maana niko hai. Ingekuwa mwezi huu, ungekuja kunizika." Kasema nisipunguze neno. Sijapunguza.

Baki Dodoma. Hospitali iko karibu na kwenu, hata Nathan akikusukuma kwa mkokoteni mtafika.

Bibi yako alikataa kabisa. "Mtoto wa kwanza hupokewa na bibi yake. Tangu lini limekuwa jambo la mjadala?" Nikamwambia, "Mama, sijasema asipokewe. Nimesema bibi ndiye atakayemfuata." Akasogeza kuni motoni. Halafu akasema, "Na blanketi umefunga? Dodoma kuna upepo." Nikajua yamekwisha.

Kwa hiyo nakuja mimi. Sijawahi kupita Manyoni, na basi linanitapisha, unanijua, lakini nakuja. Samli iko tayari, unga wa uwele umesagwa, na Damari kanichagulia jogoo wawili wasiopiga kelele garini. Baba yako anajifanya haimhusu, ila jana nimemkuta anashona mkoba wangu.

Niandikie upesi, Jenifa, upesi sana. Daktari kasema mwezi gani, nishukie wapi, na nani atanipokea, maana mimi mji mkubwa siujui. Barua mpe konda wa basi lolote la Singida, aishushe Mkiwa kwa Damari. Usiponijibu juma hili nitapanda hivyohivyo, nishuke na jogoo zangu nianze kuita jina lako katikati ya stendi, na aibu itakuwa yako na mumeo.

Ni mimi mama yako.