Kifundo cha Redio ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Redio niliyomuundia mama mkwe kwa mikono yangu inasikika hadi mtaa wa pili. Imepungukiwa kitu kimoja tu: kifundo cha kuzungushia sauti. Mpaka sasa anazungusha kijiti cha chuma kwa koleo. Leo amemwambia mke wangu kwamba ikifika Jumamosi bila kifundo, anaipeleka kwa Fundi Saa, jirani yetu wa mlango wa pili. Fundi Saa aguse redio yangu! Labda niwe nimekufa.

Jumanne, 4 Machi
Nimechimba kalibu, yaani umbo la kifundo, kwenye mche wa sabuni, nikamimina gundi ya mirija miwili, ile inayokauka ikawa jiwe. Jioni nikakitoa: cheusi, kinang'aa, kinanukia usafi. Tatizo dogo. Tundu nimelitoboa la duara, kumbe kijiti kina ubavu bapa. Kifundo kinazunguka, kijiti kimetulia tuli. Fundi Saa alichungulia, akasema anacho kimoja kwenye kopo lake, nichukue bure. Bure! Nikamwambia sijafika huko. Mke wangu anauliza sabuni ya kufulia imeenda wapi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeamka na akili mpya. Kwa nini nitengeneze kifundo kisha nianze kukilazimisha kwenye kijiti? Nimimine gundi juu ya kijiti chenyewe, kifundo kizaliwe mahali pake! Kwanza nikawasha redio, nikafungua sauti hadi mwisho, kuhakikisha iko timamu. Ikanguruma. Nikachomoa betri, nikamimina. Fundi Saa akauliza ni nini kitaizuia gundi isishuke ndani. Wivu huo.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe alifika saa tatu asubuhi. Alipokiona tu kifundo, akaniita fundi. Mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake! Nilisikia raha hadi kwenye vidole vya miguu. Nikarudisha betri.

Redio ikapasua masikio. Akazungusha, wapi. Akashika kwa mikono miwili, mke wangu akamsaidia, wapi. Hata kuizima haikuwezekana, maana inazimwa kwa kifundo hichohicho. Kuchomoa betri nilikataa, ingekuwa sawa na kukiri kosa. Nikamweleza kwamba uimara ndio huo. Akajibu, kwa sauti ya kuishinda redio, kwamba binti yake alikuwa na wachumba wengine. Akaibeba kwapani ikinguruma hivyohivyo, moja kwa moja kwa Fundi Saa. Iliniuma, sifichi.

Jumapili, 9 Machi
Ushindi! Fundi Saa amekiri kwa mdomo wake: ilibidi akate kijiti cha chuma kwa msumeno, akaweka kingine. Kifundo changu hakina hata mkwaruzo. Nimekiweka kabatini, mbele ya picha ya harusi. Nani mwingine mtaa huu ametengeneza kitu kikashinda chuma?

Mke wangu analalamika kwamba mpini wa bomba la jikoni unacheza. Nimemwambia asihangaike, gundi nimeshamimina. Ila kwanza nilifungulia maji hadi mwisho, kuhakikisha yanatoka vizuri.