Injini Isiyo na Vumbi

Jumatano, 11 Juni
Mambo yamenyooka. Jumamosi asubuhi nampeleka Mama Lukresia kijijini Kansay kwa kaka yake, Mzee Hhando, mwenye kauli ya mwisho kuhusu posa yangu. Gari likifika bila aibu, Lukresia ni wangu. Jirani yangu Inosenti naye anamtaka, ila injini yake imejaa vumbi jekundu hadi kwenye betri. Karatu hii mtu hufungua boneti wageni waone. Jioni nimepeleka yangu kuoshwa kwa mashine ya presha. Unaweza kulia ugali juu yake.

Alhamisi, 12 Juni
Siamini! Gari haliwaki. Stata inazunguka vizuri, lakini wapi. Nje ukungu mtupu. Nimebadilisha plagi zote, bado. Mchana jua lilipotoka, likawaka lenyewe. Nimeduwaa. Halafu nikaelewa: Inosenti analichezea. Nimeiosha injini tena kuondoa mkono wake.

Ijumaa, 13 Juni
Haliwaki tena! Nimeamua kupima moto kama mafundi: unachomoa waya wa koili, ile inayozalisha umeme wa plagi, unausogeza karibu na chuma, mwenzako anapiga stata, unatazama cheche. Mwenzangu sina. Akapita Mama Lukresia akitoka misa. Nikamwamkia kwa adabu zote, nikamwomba azungushe ufunguo. Akazungusha. Kumbe waya nimeushika pabaya. Nimerushwa hadi kwenye ua wa minyaa, na nikatamka neno ambalo mtu halitamki mbele ya mkwe. Mama alijifunika kitenge usoni, akaenda zake. Shoti imeuma, lakini aibu ndiyo inauma zaidi.

Jumamosi, 14 Juni
Mama amekuja, akakaa kiti cha nyuma. Gari likagoma. Inosenti akatokea, akauliza kama ni kweli jana nilipigwa shoti. Mtaa mzima unajua! Akasema kama koili inamrusha mtu mzima, basi moto upo, unapotelea mbele ya hapo. Akafungua distribyuta, kile kikopo kinachogawia plagi moto. Maji! Akakifuta kwa fulana yake, gari likawaka papo hapo. Akanishauri niache kuosha injini, hasa majira haya ya ukungu. Tulifika Kansay watu wameshakula. Mzee Hhando akasema atanisikiliza kesho kutwa asubuhi, na nikichelewa tena atamwita Inosenti na wazee wake.

Jumapili, 15 Juni
Jambo hili nimelitafakari misa nzima. Tangu lini mshindani akampa mtu ushauri mzuri? Anataka nifungue boneti mbele ya Mzee Hhando, vumbi limtimkie! Nimeshtuka mapema, ashukuriwe Mungu. Jioni nimerudi kwenye presha. Nimemwambia muoshaji aelekeze maji hasa kwenye kile kikopo, maana kimejaa alama za vidole vya Inosenti.