Norton ya Baba, Triumph ya Mjomba

Jumatatu, 4 Machi

Binti yangu anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Leo mezani katangaza kwamba hataki gari. Anataka kwenda ukumbini kwa pikipiki. Moyo wangu ukaruka! Nikamwambia Norton yangu iko tayari tangu alipokuwa anatambaa. Akasema tusiharakishe, maana Mjomba naye ana Triumph.

Mjomba wake ndiye shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Fundi cherehani. Mwaka wa ishirini na mbili huu tunabishana kuhusu pikipiki hizi, zote za Kiingereza, zote kuukuu kuliko bibi harusi. Yeye huiita Norton yangu kabati. Mimi huiita Triumph yake cherehani ya pili. Tunapendana sana. Lakini ambebe mwanangu siku ya harusi yake? Ng'o!

Binti kaamua kutakuwa na jaribio Jumamosi hii, uani kwetu. Pikipiki itakayowaka kwa kiki chache ndiyo itakayombeba, kwa sababu hana nia ya kusukuma chuma akiwa na shela. Ni haki kabisa. Sina wasiwasi hata chembe.

Jumanne, 5 Machi

Nina wasiwasi.

Ila mtu mwenye akili hujiwekea akiba. Mimi ni mpiga chapa, na kadi za harusi zinapita mikononi mwangu. Nimeongeza mstari mmoja tu chini, kwa wino wa dhahabu: "Bibi harusi atawasili kwa Norton." Kadi mia mbili. Nani atabishana na maandishi?

Saa kumi mke wangu kapita kiwandani. Kachukua kadi, kasoma mpaka chini, kaniuliza kama anayeolewa ni mtoto au ni pikipiki. Kasema hataondoka mpaka zote zichapwe upya. Kaketi juu ya marobota ya karatasi mpaka kadi ya mwisho, huku akila karanga zangu.

Vidole vyangu vyote ni vya dhahabu. Shemeji kaja kuchukua kadi yake, kavitazama, hakuuliza. Hilo ndilo baya zaidi.

Ijumaa, 8 Machi

Sharti jipya: pikipiki zote mbili zilale uani kwetu, injini zikiwa baridi, asije mtu akapasha yake moto njiani. Sharti hilo kalitoa shemeji. Hivi ananidhania mimi ni mtu wa namna gani?

Kaileta Triumph jioni, kaifunika turubai kama mtoto mchanga, kaingia ndani kunywa chai. Nikabaki uani peke yangu. Nikaingiza mkono chini ya turubai, nikapapasa chini ya tangi, nikaipata koki ya petroli, nikaizungusha. Basi. Koki ikifungwa petroli haishuki, na injini isiyo na petroli hata uipigie magoti haiwaki. Sijavunja kitu. Ni utani wa mashemeji tu.

Kisha nikaiosha Norton. Nikaziba ekzosi zote mbili kwa matambara maji yasiingie, kama inavyotakiwa. Inang'aa mpaka najiona meno. Nimeingia ndani nikinong'ona nyimbo.

Jumamosi, 9 Machi

Nitaandika haraka, maana ni aibu.

Shemeji alianza. Nikajiegemeza ukutani, mikono mfukoni, nikisubiri kiki ya thelathini. Kapiga moja. Moja! Triumph ikanguruma majirani wakatoka madirishani. Shemeji mwenyewe kaduwaa. Kainama chini ya tangi, kainuka akicheka. Kasema kila akiegesha huifunga koki, hajakosa siku hata moja, na asubuhi hii kwa furaha kasahau kuifungua. Sasa kaikuta iko wazi. Kasema huenda marehemu babu yake yuko upande wake.

Mimi nami hufunga koki kila nikiegesha. Kila mwenye pikipiki kuukuu hufunga. Miaka ishirini na mbili! Na jana sikujiuliza, koki iliyokwisha kufungwa, ukiizungusha unafanya nini.

Zamu yangu. Kiki ya kwanza, kimya. Ya tano, kimya. Ya kumi nikavua koti. Ya kumi na tano nikavua shati. Mke wangu akaleta kiti, akaketi. Ya ishirini na sita Norton ikapiga chafya, na matambara mawili yakaruka kutoka kwenye ekzosi. Moja likatua kwenye beseni la nguo alizokuwa anazisuuza dada wa jirani. La pili likampiga shemeji kifuani. Baada ya hapo Norton ikawaka vizuri ajabu, ikanguruma kwa sauti tamu kuliko zote nilizowahi kuzisikia. Nikaomba hilo liandikwe mahali.

Nikashindwa kama mwanamume. Nikampa shemeji mkono, nikaenda kujifungia bafuni. Nimemwona mtoto huyu akijifunza kutembea kwa kushika gurudumu la Norton ile. Nililia kidogo. Sabuni iliniingia machoni pia.

Binti kaja kugonga mlango. Kasema Triumph imeshinda, basi atapanda Triumph. Ila hakuna mahali alipotamka nani ataiendesha. Dereva ni baba yake. Mjomba atafuata nyuma na Norton, kampakia Mama.

Sijui nifurahi au nizimie. Kumbeba mwanangu juu ya cherehani!

Jumatatu, 11 Machi

Tatizo. Pikipiki zote mbili gia iko mguu wa kulia. Lakini kwenye Norton gia ya kwanza unaivuta juu, zinazofuata unakanyaga chini. Kwenye Triumph gia ya kwanza unaikanyaga chini, zinazofuata unavuta juu. Yaani mguu wangu una elimu ya miaka ishirini na mbili, na yote ni kinyume.

Shemeji, bila kejeli, kajitolea kunifundisha jioni mbili tatu. Nifundishwe gia na fundi cherehani? Nimemshukuru, nikamwambia akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kakitazama kipara changu, kaondoka.

Jumatano, 13 Machi

Najifunza mwenyewe kiwandani, chini ya meza. Chini, juu, juu. Chini, juu, juu. Mteja wa kadi za biashara kauliza kama mguu unaniuma. Nimemwambia niko barabarani.

Kufikia saa tisa sikosei kabisa. Meza naiendesha vizuri sana.

Jumamosi, 16 Machi

Siku yenyewe! Naandika nikiwa ukumbini, nyuma ya spika, kabla hawajaniita kwenye hotuba.

Binti katoka ndani na gauni jeupe na raba nyeupe, shela kaifunga kiunoni. Kapanda, kanishika kiunoni kama alipokuwa mdogo. Chini, juu, juu. Triumph ikateleza barabarani kama siagi. Ndiyo, nimeandika siagi. Ni shajara yangu, hakuna atakayeisoma. Watu walipunga mikono kutoka milangoni. Nyuma nikaisikia Norton yangu ikiimba, na shemeji akipiga honi bila sababu.

Kisha njia panda kubwa. Askari wa barabarani kainua mkono. Nikapunguza, nikataka gia ya kwanza, na mguu ukasahau meza yote. Ukavuta juu. Askari akaturuhusu, nikaachia klachi, Triumph ikatikisika, ikazima katikati ya njia panda. Magari pande nne. Shemeji nyuma yangu kazima Norton kwa heshima. Nikapiga kiki, hakuna. Jasho likaniingia kwenye kola aliyoishona yeye. Nikajiona ndiye baba aliyemfikisha mwanawe njia panda.

Binti akashuka. Nikajua anakwenda kupanda Norton, na mjomba wake. Badala yake akakusanya gauni kwa mkono mmoja, akaniambia nisogee mbele kidogo, akakanyaga kiki mwenyewe. Moja. Ikawaka! Askari akampigia saluti.

Akapanda tena, akanisemea sikioni.

"Chini, Baba. Ya kwanza iko chini."

Nikamwambia anisamehe, nilitaka afike kwa fahari.

"Mimi nilitaka kufika na wewe," kasema. "Hata kwa baiskeli ningekuja."

Nimeendesha kilomita yote iliyobaki bila kuona vizuri. Njia nzima gia ya kwanza. Sikubadilisha hata mara moja, safari isiishe.

Wananiita kwenye hotuba.

Jumapili, 17 Machi

Hotuba ilikwenda vizuri. Nilimsifu bwana harusi, nikaisifu Triumph mbele ya watu wote, shemeji akasimama akanikumbatia. Kasema Norton haikumsumbua hata kidogo, ni kabati lenye miguu ya mchezaji. Tukaahidiana mbele ya mke wangu: mashindano basi. Umri umekwenda. Mtoto katufundisha lililo kubwa. Kilicho muhimu ni watu, si vyuma. Nimelala usingizi mtamu sana.

Leo mchana tumealikwa kwa wazazi wa bwana harusi, sisi na shemeji. Watu wastaarabu. Baba wa bwana harusi ni mfamasia, mpole, anaongea taratibu. Tulipokuwa tunanawa mikono katuambia kwamba ana pikipiki aina ya BSA nyuma ya nyumba, ya baba yake, inawaka kwa kiki moja. Kasema anaitunza kwa ajili ya mjukuu. Mjukuu wetu wa kwanza, kasema, safari yake ya kwanza maishani itakuwa juu ya BSA.

Mjukuu huyo hata mimba yake haijatungwa.

Nikamtazama shemeji. Shemeji akanitazama. Miaka ishirini na mbili hatujawahi kuelewana haraka namna ile.

Kesho tunarudi, mimi na yeye, saa nne, mfamasia akiwa dukani kwake. Tunakwenda kuitazama tu. Shemeji kasema nisisahau spana.