Mamba wa Chuma Amenivurugia Posa ya Binti Yangu

Masoud Uweso,
Fundi Cherehani,
Pongwe, Tanga.

Kwa Ndugu Methusela,
Mtafsiri wa Filamu,
Dar es Salaam.

YAH: MALALAMIKO JUU YA KAA, MAMBA, NA MANENO ULIYOWATIA MDOMONI

Ndugu Methusela,

Salamu zikufikie huko uliko na kipaza sauti chako. Sisi wa Pongwe tu wazima, ukiacha wachache tuliogombana kwa sababu yako.

Hunijui, na huna kosa katika hilo. Mimi ni fundi cherehani, mtu wa makamo, ninayefahamika hapa kwa mambo mawili: kuchelewesha suruali za watu, na kuzifanya fupi kuliko walivyoagiza. Nayasema haya mapema usije ukadhani anayekulalamikia ni malaika. Lakini hata mwenye makosa huzaa, na binti yake akiposwa, naye hupata haki ya kuandika barua.

Wewe nakujua kwa sauti. Ndiye unayezichukua filamu za wageni ukazisemea Kiswahili juu kwa juu, hata mtu kama mimi akajua nani anamkimbia nani na kwa nini. Namba yako inayopita chini ya picha nimeipiga mara kumi na moja, na kila mara naimbiwa wimbo. Wimbo ni mzuri, ila haujibu maswali.

Kisa chenyewe ni hiki. Jumamosi ya wiki iliyopita walikuja wazee sita kutoka Moa kuchukua jibu la barua ya posa. Kijana wao Luqmani, mvuvi wa kaa wa kwenye mikoko, anamtaka binti yangu Semeni. Semeni naye anamtaka Luqmani. Na mimi nilikuwa na "ndiyo" mdomoni tangu asubuhi. Tatizo ni kwamba wazee waliwahi. Walifika kabla ya alasiri, wali haujaiva, na mke wangu Tausi akaniita uani akaninong'oneza, "Watoe hapa, baba Semeni, wasije wakakaa wananusa vyungu. Wapeleke popote."

Popote pa Pongwe ni kwa jirani yetu Daniel, mwenye kibanda cha video. Siku hiyo Daniel alikuwa anaonyesha ile mpya uliyoitafsiri, ambamo Kaa wa Mwezini, aliyekuwa na filamu zake tatu, na Mamba wa Chuma, aliyekuwa na zake nne, wamekutanishwa mji mmoja wapigane. Niliwaketisha wageni wangu benchi la mbele, kwa heshima zote.

Kabla sijaorodhesha makosa yako, elewa jambo moja la huku kwetu. Sisi Wabondei na hao Wadigo wa Moa ni watani. Mtani humwambia mtani lolote, hata msibani, na wa kuambiwa hana ruhusa ya kununa. Lakini mkwe si mtani. Mkwe akikohoa unaitikia. Sasa nakuuliza kwa upole: wale wazee sita, Jumamosi ile, walikuwa nani kwangu? Kabla ya jibu, watani. Baada ya jibu, wakwe. Na filamu yako ikaja kuanza katikati, jibu halijatoka na wali haujaiva.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kaa wako anatembea kwenda mbele. Umewaonyesha jambo hilo watu waliolelewa na kaa. Mzee Shekhe, ami yake Luqmani na msemaji wa ujumbe ule, alisema kibanda kizima kikasikia, "Huyo si kaa, hiyo ni meza." Mimi, kwa kukutetea wewe, nikasema pengine huko mwezini hakuna upande. Akanigeukia taratibu. "Fundi, palipo na mbele pana upande. Ndiyo maana suruali zako haziwatoshi watu." Watu wa Pongwe walicheka kuliko wa Moa.

2. Miguu. Umesema mara tatu kwamba kaa ana miguu minane. Wazee wakaanza kuhesabu, wakapata kumi pamoja na magando, wakarudia kuhesabu ili wakuhakikishie, na wakati huo Mamba alibomoa daraja zima ambalo benchi letu halikuliona.

3. Lafudhi. Hapa ndipo nilipoanza kutokwa na jasho. Kaa umemsemesha kama Mdigo wa Moa, na Mamba umemsemesha kama Mbondei. Sijui nani alikufundisha, lakini umepatia mno. Kaa alipoanguka kutoka mwezini akakalia ghorofa, ukamsemea, "Samahani wenyeji, kwetu Moa viti ni kama hivi." Nikawatazama wageni wangu kwa jicho la pembeni. Mzee Shekhe alikuwa anafuta machozi kwa kicheko. Nikashukuru Mungu. Nilishukuru mapema.

4. Neno lenyewe. Mamba amemkamata Kaa kwa gando, anamzungusha juu ya mnara wa simu, na wewe, Ndugu Methusela, miongoni mwa maneno yote yaliyomo katika Kiswahili, ukachagua haya: "Rudi kwenu mikokoni. Miguu yote hiyo, na mke hupati."

Nakubali hukujua kwamba siku hiyo kuna posa Pongwe. Lakini Tanga kuna posa kila Jumamosi, na mtu anayesemea mamba anapaswa kuwa na tahadhari.

5. Makofi. Kibanda chote kilipasuka kwa makofi, na inadaiwa kwamba aliyepiga kofi la kwanza ni mimi. Sikatai. Ila sikukusudia. Mkono wa kulia ulitangulia, wa kushoto ukaupokea, na mimi nikaja kuzinduka mwishoni. Papo hapo Mzee Shekhe akasimama, akaokota bakora yake, akasema, "Haya jamani, jibu tumelisikia." Wakatoka wote sita, mmoja nyuma ya mwingine. Mimi nilibaki kuwalindia viti.

6. Leo ni siku ya tisa. Moa kimya. Semeni huzungumza nami kupitia kwa mama yake, hata tukiwa tumekaa mkeka mmoja. "Mama, mwambie baba chai imepoa." Mama ananiambia. Namsikia mara mbili, na mara zote mbili inauma.

Ili usiseme nakuonea, nimekusanya maoni ya watazamaji wengine, nikienda nyumba kwa nyumba na futi yangu shingoni. Daniel, mwenye kibanda, anasema filamu ni nzuri isipokuwa madude yote mawili hayakuwa na sababu ya kupigana. Yangekaa chini yakaulizana, yangegundua kuwa adui yao ni yule mwanasayansi mwenye miwani. Anastazia, auzaye maandazi mlangoni, hakuiona, lakini kwa kelele alizozisikia anaiweka ya kwanza mwaka huu. Maoni yangu mimi ni ya kifundi tu: magamba ya Mamba yameungwa vibaya mgongoni, na aliinama mara mbili nikaona mshono. Hata hivyo, nilivutiwa.

Kwa hiyo, Ndugu Methusela, kwa unyenyekevu mkubwa naomba yafuatayo.

Kwanza, uitafsiri upya filamu hiyo, Kaa na Mamba wote wawe watu wa mbali, wa mkoa ambao kwa sasa hatuoani nao.

Pili, ikiwa hilo ni zito, basi Mamba abaki Mbondei ila amwombe Kaa radhi kabla ya mapumziko, na amwombe kwa kupiga magoti. Najua ni wa chuma. Atiwe mafuta.

Tatu, ikiwa magoti hayawezekani, uniandikie cheti cha kuzaliwa cha Mamba, chenye mhuri, kinachothibitisha kwamba hakuzaliwa Pongwe, hana ndugu Pongwe, na hakutumwa na fundi yeyote wa Pongwe. Nitakipeleka Moa mwenyewe.

Nne, na hili nimelifikiri sana: itengenezwe sehemu ya pili ambamo Kaa anamposa binti wa Mamba. Wazee wa pande zote wakae. Wali uive kwa wakati. Mamba ajibu "ndiyo" mapema, kabla hajapelekwa kokote. Filamu hiyo iwe fupi, nusu saa inatosha, na ionyeshwe Moa bure. Mwanasayansi mwenye miwani anaweza kuwa mshenga, maana anajua lugha za wote wawili.

Sina chuki na wewe. Kazi yako ni ngumu. Mimi nasemea watu wawili tu humu ndani na bado nashindwa. Ninachotaka ni binti yangu aolewe na mtu anayemtaka, asije akakosa nyumba kwa sababu mnyama ambaye hayupo kamtukana mwingine ambaye pia hayupo.

Uwasalimie wa kwako wote, wakubwa shikamoo zao na wadogo marahaba yangu. Daniel anakusalimu na anauliza lini utatoa nyingine. Anastazia anakusalimu bila sababu. Tausi anakusalimu kwa nusu mdomo, na Semeni amekataa nimwandike.

Nimalizie hapa, mteja wako wa benchi la mbele,

Masoud Uweso

Nyongeza: Nilikuwa nimeinuka kutafuta bahasha ndipo akashuka kwenye bodaboda Bi Najat, shangazi yake Luqmani, na vumbi lote la njia ya Moa. Anasema wazee hawakuchukia neno hata moja. Walitoka kiutani, kama mtani anavyojitia kutoka akizidiwa, ili mwenyeji awakimbilie na jogoo wa kuwabembelezea, wacheke, warudi ndani, jibu litolewe, wali uliwe. Walikaa njia panda kwa saa nzima, wamebana vicheko, wanamngoja mwenyeji. Hakutokea. Hapo ndipo waliponuna kweli, na wamenuna kwa kujiuliza: mtu asiyetukimbilia tukiwa watani, tukishakuwa wakwe atatufungulia mlango? Filamu yako wameitafuta, wameiona mara tano, na Mzee Shekhe analisema lile neno la mikokoni kila anapoagana na mtu.

Bi Najat akaniuliza, mbele ya Tausi na Semeni, nini kilinizuia kutoka nje siku ile. Nikasema nilikuwa nalinda viti. Akauliza tena, taratibu zaidi. Nikakiri. Mamba alikuwa ananing'inia mnarani kwa mkia, na wewe ulikuwa umefika pazuri.

Basi yote ya hapo juu yafute. Usibadili hata neno. Kosa ni la kwangu. Naondoka sasa hivi kwenda Moa na bodaboda hiyohiyo, Bi Najat mbele, mimi nyuma, jogoo mapajani; Semeni mwenyewe ndiye aliyemkimbiza uani akamkamata, akanikabidhi, akasema, "Baba, usichelewe." Bi Najat ameniusia kwamba nikifika nisithubutu kuanza na samahani, maana mtani akija mpole ana habari mbaya, nao watajua posa imekataliwa. Nianze kwa kuwatukana.